Ndizi za Pombe kwa Mkwe wa Novatus

Mke wa mwanangu Novatus hali ndizi zangu. Anazimeza. Kuna tofauti, na mwenye shamba la ndizi anaiona akiwa amesimama mlangoni.

Nianze na huyo mke, maana watu wa hapa Chonyonyo wameshamsimulia kila namna na hakuna aliyepatia. Jina lake ni Lien. Padre alisema lipo la kufanana nalo, Liliane, basi tukamwita Liliane na yeye akaitika. Siyo Mchina. Ametoka Vietnam. Hili nimelisema kisimani, nimelisema kanisani, nimelisema mnadani na mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na bado wananiuliza Mchina wako hajambo. Siku hizi nasema hajambo.

Alikutana na Novatus Dar es Salaam. Wote wawili walikuwa wameajiriwa na kampuni moja ya simu, yeye upande wa hesabu, mwanangu upande wa kupanda minara. Minara ilipokwisha kusimama, mwanangu akapunguzwa kazini, akarudi nyumbani kulima kahawa, na huyu akamfuata. Mimi nilidhani atakaa wiki mbili. Nikamtandikia kitanda cha wiki mbili. Leo ana mtoto, Avelina, anapalilia kahawa kuliko mabinti niliowazaa mwenyewe, anampa shikamoo hata mtu aliyemzidi mwezi mmoja, na Kinyambo chetu anachokijua kinamtosha kununua na kugombana. Kwa mwanamke hiyo inatosha kuishi popote.

Shida ilikuwa chakula. Hakuwahi kulalamika, na hilo ndilo lililonikera. Mtu akilalamika unamjibu. Huyu anamaliza sahani, anasema, "Asante Mama, ni nzuri," kisha jioni unamkuta nyuma ya jiko amesimama peke yake anatafuna jani la mchaichai kama mbuzi. Nikamwambia Novatus, mkeo ana njaa. Akasema si amekula? Wanaume!

Baadaye alielewa, na akielewa jambo huwa analifanya kupita kiasi. Alimzungusha mkoa mzima akimtafutia chakula cha kwao. Bukoba kulikuwa na hoteli imeandika nje kwamba ina vyakula vya Asia. Wakaondoka alfajiri, wakafika, wakaletewa tambi zilizopikwa na nyanya na karoti. Mpishi akatoka jikoni kuja kuangalia Mchina anavyokula. Liliane akamaliza sahani, akasema asante, ni nzuri. Huko Nkwenda, sokoni, wakauziwa chupa ya sosi nyeusi yenye maandishi ambayo Liliane mwenyewe hakuweza kuyasoma. Tulipoionja tukakubaliana iwe ya kupaka bawaba za mlango.

Halafu rafiki yake wa Dar akamtumia kwa basi chupa ya mchuzi wa samaki wa kwao. Mchuzi huo wanautoa kwenye samaki waliokaa na chumvi mpaka wakasahau kuwa ni samaki. Chupa ikapasuka njiani. Basi lilipofika Omurushaka abiria walishuka wote kwa pamoja, hata wale waliokuwa wanaendelea mbele, na watu wa ofisi ya mizigo wakatupigia simu wakilitaja jina letu kamili. Tulikabidhiwa boksi lililolowa, limeshikwa kwa vidole viwili. Liliane akalinusa, akafurahi. Naapa alifurahi. Boksi lile lilikaa jikoni kwake wiki nzima, kila akipika anainama analinusa kwanza. Mimi nilikuwa napita kwa nje.

Basi, ndipo mama yake akafariki. Hii ilikuwa mwaka jana. Liliane alikuwa na mimba kubwa, hakuna ndege ya kumpakia mtu wa namna ile, na hata ingekuwepo tungeilipa na nini. Habari ilikuja kwa simu akiwa anaanika kahawa. Akasikiliza, akajibu maneno machache ya kwao, akarudisha simu mfukoni, akaendelea kugeuza kahawa. Mimi nilikuja kuambiwa na Novatus baadaye. Nikatoka mbio nimejifunga kanga kiunoni, tayari kulia naye, maana kwetu msiba ukiingia, mwenye msiba anapiga yowe, na majirani wakilisikia wanaacha majembe wanakuja. Nikamkuta na reki yake. Akaniambia, "Mama, jua linatosha, leo itakauka."

Utalia na mtu wa namna hiyo? Nilibaki nimesimama na kanga yangu. Hakukuwa na yowe, kwa hiyo hakuna jirani aliyekuja, wala moto wa matanga haukuwashwa. Nikaomba misa isomwe, ikasomwa, Liliane akakaa benchi la mbele macho makavu. Watu wakanong'ona kwamba huko kwao labda hawalii. Nilimwogopa kidogo, sitaki kusema uongo.

Mwaka huu, kahawa inaanza kuwa nyekundu, akaja jikoni kwangu akapiga magoti kama tulivyomfundisha. Nikajua ana jambo, maana kwa salamu ya kawaida huwa anapiga goti moja tu, la haraka.

"Mama, mwaka wa mama yangu unafika," akasema. "Kwetu siku hiyo marehemu anarudi nyumbani kula. Anapikiwa chakula chake, kile alichokipenda. Kaka yangu atapika kule. Lakini mimi sikumzika. Naomba aje na huku."

Nikamwuliza atafikaje, na huku hamjui mtu.

"Atafuata harufu ya chakula chake."

Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa, nina kipaimara, niko kwenye jumuiya na ni mtunza hazina. Habari ya marehemu kuja kula nilikuwa na mengi ya kuisema. Lakini yule mtoto wa watu alikuwa ameyainamia magoti yake, na tangu aingie nyumba hii hakuwahi kuniomba kitu, hata chumvi. Nikamwuliza mama yake anakula nini.

"Ndizi mbichi."

Jamani! Miaka yote hii namlisha mtu anayemeza ndizi zangu kama dawa ya minyoo, kumbe mama mzazi wake, katika vyakula vyote vya dunia hii, alichokipenda ni ndizi! Nilimpenda yule marehemu papo hapo. Nikaona nilivyopoteza mtu wa kuzungumza naye. Kisha Liliane akamalizia.

"Ndizi mbichi na konokono."

Nikatafuta kigoda, nikakaa.

Jina la chakula hicho kwa lugha yao ni maneno matatu: konokono, ndizi, soya. Hawakujisumbua na jina. Soya yake inasagwa, inachemshwa, inatiwa limau mpaka inaganda, halafu inakandamizwa chini ya jiwe inakuwa kama jibini. Hiyo aliijua kuitengeneza. Mchuzi unatiwa manjano, unatiwa majani fulani ya rangi ya zambarau ambayo mbegu zake alitumiwa akazipanda nyuma ya choo ili kuku wasiyaone, na unatiwa ukali wa wali uliochachishwa kwenye chupa. Ule wali mimi niliukuta kabatini, nikaona uvundo gani huu ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga, nikaumwaga na chupa nikaisugua kwa majivu. Aliporudi nikajisifu. Akaniambia asante Mama. Akaanza kuchachisha mwingine.

Konokono tuliletewa na Twinomujuni, mfugaji wa Mabira anayenywesha ng'ombe zake kwenye bwawa. Alikuja na ndoo imefungwa nyuma ya bodaboda, konokono wakubwa wa majini, wamejaa wanatembea ukutani mwa ndoo. Akaniuliza wanatibu nini. Nikamwambia mgongo. Sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi. Siku chache baadaye akapiga simu kuuliza wanatumiwaje, kwa sababu na yeye mgongo unamsumbua. Nikamwambia wachemshwe sana.

Yote hayo nilimwachia Liliane. Lakini kwenye ndizi nikasema hapana, hapa ni kwangu. Huyu anayekuja ni mkwe. Kwetu mkwe hapewi cha pili. Akija mkwe unakata mkungu ambao wewe mwenyewe ulikuwa unauonea choyo. Nikamkatia enshakara, ndizi yetu bora ya kupika, mkungu uliojaa mpaka mgomba umeinama, nikambebea mpaka jikoni kwake nimejitwisha mwenyewe na magoti haya. Akapika ya majaribio. Ndizi zikaiva zikawa laini, zikalainika zaidi, zikayeyuka. Konokono wakawa wanaogelea kwenye uji. Kwangu mimi, ukitoa konokono, zilikuwa zimeiva vizuri sana. Liliane akaonja.

"Asante Mama, ni nzuri."

Nilitamani kumpiga na mwiko.

Nikaenda kwa jirani yangu Eseri, nikamwomba mkungu katika zile ndizi zake anazozisifia tangu tulipoolewa huku. Nazo zikayeyuka. Sitaficha kwamba hilo lilinifurahisha. Lakini Liliane akaanza kukonda usoni, siku inakaribia, na Novatus akaniambia kwa siri kwamba mkewe anaamka anakaa ukingoni mwa kitanda. Akimwuliza anawaza nini anasema ndizi.

Siku moja nikamkosa jikoni. Nikamkuta kule mwisho wa shamba, kwenye kona ya ndizi za pombe, kainja, ambazo marehemu mume wangu alizipanda na mimi huwauzia wakamuaji wa pombe. Kona ile hatuipalilii. Amesimama kwenye nyasi, ameshika ndizi moja, anaikwangua kwa ukucha na kuinusa.

"Mama, hizi mnapika?"

"Hizo haziliwi. Ni za pombe."

"Hii iko nyumbani kwetu," akasema. "Pembeni ya bwawa. Mama aliipanda. Ni hii."

"Siyo hiyo."

"Ni hii, Mama."

"Liliane! Nimezaliwa kwenye migomba. Siyo hiyo."

Niseme ukweli wa hapa kwetu. Ukimpikia mtu ndizi za pombe umemwambia hana maana. Hata mwaka wa njaa kubwa, mama zetu walizipika wamefunga mlango, na watoto wakaonywa wasiseme. Sasa huyu anataka nimpikie mkwe. Mkwe! Mara ya kwanza anakanyaga kwangu, yuko safarini tangu ng'ambo ya bahari, nimwekee ndizi za pombe! Na akaniambia hazimenywi zikabaki nyeupe kama za watu, zinakwanguliwa kijuujuu tu, ganda la ndani linapikwa humo humo. Maganda! Maganda ni ya ng'ombe! Nikasema thubutu. Nikasema katika shamba langu jambo hilo halitafanyika, watu watasema Auleria alimlisha mama mkwe wa mwanae chakula cha zizini, na watakuwa wamesema kweli.

Ndipo Liliane akapiga kelele. Sauti yake sikuwahi kuisikia ikivuka ua, siku ile nadhani walimsikia mpaka barabarani.

"Mama yangu akikuta ndizi laini atajua ni nyumba ya watu wengine! Atapita! Hana mahali pengine pa kunitafuta!"

Novatus, aliyekuwa amekuja nyuma yetu, akakumbuka kwamba mbuzi hawajafungwa, akaenda kuwafunga. Mbuzi walikuwa wamefungwa.

Nilirudi jikoni nimenuna. Nikapika maharage yangu, nikayaacha kwenye sahani. Mama yangu mimi amezikwa Mabira. Nikimkumbuka nachukua bodaboda, nafika, nafyeka majani juu yake, nampa habari za watu, nani kaolewa, nani kaachika, narudi nimepoa. Huyu mwenzangu hana hata majani ya kufyeka. Ana ndizi tu, na mimi nimesimama mbele ya ndizi na panga la heshima yangu. Nilimwonea huruma mpaka hasira zikanipanda upya, na sasa zilikuwa za kwangu mwenyewe.

Asubuhi ya siku yenyewe nikachukua panga nikaenda kwenye ile kona, nikaukata mkungu wa kainja. Eseri alikuwa upande wa pili wa ua.

"Auleria, unakamua?"

"Napika."

"Unapika hizo?"

"Chakula cha mkwe wangu."

Eseri akanyamaza. Nimekaa naye ujirani maisha mazima na sijui kama aliwahi kunyamaza kabla ya siku hiyo.

Nikazitua mlangoni kwa Liliane, nikachukua kisu, nikakaa, nikaanza kukwangua. Akatoka, akaona. Hakusema asante Mama ni nzuri. Alikaa karibu yangu akachukua kisu chake, akanionyesha jinsi ya kuacha lile ganda la ndani. Nikamwambia nimeona, sina upofu.

Zikapikwa. Zikaiva na kubaki zimesimama, kipande kipande, manjano kwa nje. Harufu yake ilikuwa ya tope na limau na kitu kingine cha kijani ambacho sina jina lake. Siwezi kuisifia. Lakini ilitoka nje ya jiko ikaenda mbali, hilo nililiona, maana mbwa wa Eseri walikuja.

Picha ya mama yake ilisafishwa Kayanga, studio, kutoka kwenye simu. Mwanamke mwembamba, amevaa sweta, anamtazama mpiga picha kama anayemchelewesha. Liliane akaiweka juu ya meza sebuleni, akaweka bakuli la chakula, wali, chai, akawasha vijiti vya udi. Novatus akavuta kiti akae mezani. Nikamwuliza unakwenda wapi.

"Kukaa, Mama."

"Na mkweo? Utakula unatazamana na mama mkwe wako?"

"Mama, ni picha."

"Hata akiwa picha."

Akatoka, akakaa barazani ameupa mlango mgongo, na sahani yake mapajani, kama mwanaume aliyelelewa. Liliane hakuelewa, nikamweleza kwamba huku kwetu huo ndio mwanzo na mwisho wa heshima ya mkwe wa kiume. Akatazama ule mgongo wa mumewe. Akasema mama yake angependa hivyo, kwa sababu alikuwa hampendi Novatus.

Kwao marehemu anakula wakati udi unawaka, nanyi mnasubiri. Tulisubiri. Avelina alilala mgongoni kwangu. Mimi nilisali tasbihi yangu kimoyomoyo, kila mtu na mlango wake. Moshi ulikwenda juu, ukakunja, ukatoka dirishani. Vijiti vikaisha. Liliane akalichukua lile bakuli la mama yake, akalishika kwa mikono miwili, akala ndizi moja.

Akatafuna polepole. Mimi nilikuwa nimebana pumzi kama mtu aliye mahakamani. Akala ya pili. Nikashindwa kuvumilia.

"Ni yenyewe?"

Aliinua macho kwenye picha, akasema kitu cha kwao, kifupi, kama mtu anayemwuliza mwenzake mbona umechelewa. Akaliweka bakuli chini taratibu, lisimwagike. Kisha yowe likamtoka.

Nimesikia mayowe mengi katika maisha yangu, na mengine nimeyapiga mimi. Lile lilitoka chini kabisa. Avelina akaamka akalia. Novatus akaingia mbio, akamwona mama mkwe wake uso kwa uso, akarudi nyuma, akaingia tena, akampigia magoti mkewe. Liliane alikuwa ameanguka sakafuni anaita mama, mama, na neno hilo kwao na kwetu si moja, lakini alikuwa akiliita kwa Kiswahili chetu.

Na watu wakasikia. Mashamba ya huku hayana kuta. Nikatoka barazani nikawaona wanakuja kwenye migomba kutoka kila upande, wanawake wanajifunga kanga kiunoni wakikimbia, wanaume wameshika mapanga ya kufyekea. Eseri alikuwa wa mbele, jembe bado liko begani.

"Nani?" akaniuliza. "Auleria, nani?"

"Mama yake Liliane."

Akasimama. Wenzake wakasimama nyuma yake, wanahema.

"Si alikufa mwaka jana?" akasema. "Si tulikwenda misa?"

"Amekufa leo," nikamwambia.

Eseri akanitazama, akachungulia ndani. Akaegesha jembe ukutani, akavua ndala, akaingia akaketi sakafuni karibu na Liliane, akamwegemeza kichwa chake mapajani, akaanza kulia naye.